Mbegu za Ukutani

Mama yangu hakuwahi kununua mbegu ya nyanya chungu maishani mwake. Zake zilikuwa ukutani. Jikoni kwake, kule kwenye makazi ya wakimbizi nilikozaliwa, ukuta wa udongo unaotazama mafiga ulijaa madoa ya kijivu kuanzia usawa wa kiuno mpaka usawa wa macho, na mgeni asiyejua angesema huyu mama ni mvivu wa kukandika. Zilikuwa mbegu. Tunda likishaiva mpaka likawa jekundu na kulegea, alilikamulia kwenye bakuli, akaosha ule utelezi, akachanganya mbegu na majivu na maji kidogo, akazibandika ukutani kwa kiganja. Moshi ulizilinda na wadudu. Msimu ukifika alikuja na kijiko akakwangua doa moja, mengine akayaacha. Alinieleza mara nyingi mpaka nikawa namkatiza: usipande zote, mwana wanje, mwanangu. Hata mvua ikikuahidi, usipande zote.

Mimi nilipanda zote. Naanza na hilo ili mtu asije akafikiri nataka kumlaumu mama mkwe wangu peke yake.

Mama alifariki mwaka jana, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Baada ya matanga kaka zangu walikaa wakaamua jiko libomolewe, kwa sababu lilikuwa limeinama na mmoja wao alitaka kiwanja. Sikubishana nao. Niliingia na kijiko nikaanza kukwangua ukuta, wakati wanawake wa msibani wanaosha masufuria nje. Shangazi mmoja akachungulia, akawaambia wenzake kwamba wengine wanarithi mablanketi, huyu anarithi masizi. Wakacheka. Nami nilicheka, na machozi yalikuwa yanaingia mdomoni. Nilipata kiasi cha kujaza nusu ya chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Nilichukua na kitenge chake kimoja, kilichochakaa mpaka maua ya njano yamefutika, kimebaki cheusi tu. Wiki iliyofuata jiko likaangushwa. Siku nzima, nikaambiwa, na ukuta ule ndio uliokuwa mgumu kuliko yote.

Nimepanga mjini, mtaa wa Nsemulwa, vyumba viwili, na nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba aliniruhusu nilime, kwa sharti nisipande miti. Mume wangu yuko machimboni, anakuja akipata, asipopata anapiga simu. Mtoto wetu wa kike alikuwa na mwaka mmoja na nusu wakati huo. Mimi nimemaliza kidato cha nne, na cheti changu kiko kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, kimekaa vizuri, hakijawahi kunipeleka popote. Basi nililima. Si biashara. Mchicha, matembele, bamia mashina machache, na pale kwenye udongo mzuri, karibu na ukuta wa bafu, nyanya chungu za mama.

Kwa nini nilipanda zote? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeona ukuta mzima wa mbegu ukianguka kwa sababu ya kiwanja, nikajiambia kwamba kilichofichwa ndicho kinachopotea, bora kitoke nje kionekane. Nikafikiri mbegu nyingi ni mashina mengi, na mashina mengi hayawezi kufa yote. Hesabu ya mtu wa shule hiyo. Mwezi wa tano nikamwaga chupa yote kwenye kitalu.

Ziliota kama nywele za mtoto. Asubuhi moja hakuna kitu, asubuhi ya pili udongo umepasuka mistari mistari na vijani vimeinamisha shingo. Nilimbeba binti yangu nikamwonyesha. Nikamwambia hawa ni wa bibi. Alikuwa anaanza kuongea, akashika neno hilo moja, na kuanzia siku hiyo kila mche pale kitaluni jina lake likawa Bibi.

Nilihamisha mashina arobaini na matatu. Nayajua kwa sababu niliyahesabu kila siku kama mwenye duka.

Nusu ya kwanza niliiua mwenyewe. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mama mmoja Msukuma, mtu mzima, aliyehamia huku na mume wake na ng'ombe miaka mingi iliyopita. Mume hayupo tena, ng'ombe wamebaki. Nilimwomba samadi akanionyesha marundo mawili. Moja la zamani, kavu, jeusi, liko mbali nyuma ya zizi. Lingine la juzi, liko pale mlangoni. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na jua limeshapanda. Nikajaza mfuko pale pa karibu.

"Mayu," akaniambia, ndivyo wanavyomwita mama, "hiyo bado ina moto."

Nilimjibu kwamba nitaichanganya na udongo. Akanitazama kidogo, akaendelea kupeta mahindi yake. Wasukuma hawasemi mara mbili. Wakati wa mvua ningeponea chupuchupu, maji yangepoza. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, udongo mkavu, na mimi naipa miche maji kikombe kikombe. Siku ya nne majani yakaanza kukauka pembeni, rangi ya chai, kama yameshikwa na pasi. Nikaifukua ile samadi kwa mikono. Nilipomaliza yalibaki mashina kumi na tisa.

Halafu maji.

Sijui nianzie wapi kuhusu maji bila kutukana. Bomba la mtaa lilikuwa linatoa asubuhi na jioni, likawa linatoa asubuhi, likawa linatoa asubuhi moja ndiyo, moja hapana, na hakuna mtu anayekwambia ipi ni ipi. Unaweka ndoo yako kwenye foleni na jiwe ndani ili upepo usiichukue, unakaa. Kisima cha jirani kilitoa maji ya rangi ya uji, kisha kikatoa tope, kisha watoto wakawa wanatupa mawe ndani kusikiliza kama kuna kitu. Ndoo moja ya lita ishirini inatakiwa imwogeshe mtoto, ipike, ioshe vyombo, ninywe mimi, na kinachobaki ndicho cha bustani. Hakibaki. Kwa hiyo nilijifunza kuiba kutoka kwetu wenyewe. Maji ya kuoshea mchele, bustani. Maji ya kusuuzia vyombo, bustani, ya sabuni hapana. Mtoto nilimwogesha akiwa amesimama katikati ya mashina, kila siku shina tofauti, nikimmiminia kwa kikombe taratibu, maji yanashuka kwenye tumbo lake yanaingia kwenye shimo. Alipenda sana. Alikuwa anasema, Bibi anakunywa. Kama kuna dakika za furaha nilizozipata kiangazi kile ni hizo, na hata hizo nilizipata huku natazama yasimwagike pembeni.

Mimi mwenyewe nilijifuta kwa kitambaa chenye unyevu, na nilinuka. Naandika tu ilivyokuwa.

Mwezi wa nane ukaja upepo na moshi. Watu wanachoma mapori kila upande, jua linachomoza limeshakuwa jekundu, ukianika nguo nyeupe unaanua ya kijivu. Mchwa wakala nyasi nilizotandaza kutunza unyevu, zilipoisha wakaanza shingo za miche. Mwezi wa tisa, joto lenyewe. Utitiri mwekundu ukaingia chini ya majani, wadudu wadogo ambao huwaoni mpaka uone utando wao, na jani likishapata utando limekwenda. Nilikaa chini kwenye vumbi nikafuta jani moja moja kwa kitambaa, mbele na nyuma. Jirani mmoja akapita akaniuliza kama nawapaka na mafuta. Nilimwambia apite.

Kilichonikasirisha kuliko vyote kilikuwa miyombo. Ukitoka nje ya mji kidogo, ukishika njia ya Magamba, mwezi wa tisa ule ule ambao mimi nahesabu vikombe, miti ya porini inachipua majani mapya. Mekundu, laini, yanang'aa, bila tone la mvua. Hakuna mtu aliyeimwagilia. Nilisimama siku moja na dumu kichwani nikaitazama nikaona kama inanitania.

Ilipofika mwisho wa mwezi huo nilikuwa na shina moja.

Moja. Lile la karibu na ukuta wa bafu, lililopata kivuli cha mchana. Nilichukua chandarua kuukuu nikalitengenezea kibanda kwa fito nne. Lilichanua, maua madogo meupe, na asubuhi moja nikaona nyuki ndani ya chandarua anatafuta njia ya kutoka. Nilimfungulia na nikabaki nimechutama pale, mwanamke mzima, namshukuru nyuki. Likazaa tunda la kwanza. La kwanza kwa utaratibu wa mama ni la watoto, halihifadhiwi. Nikampikia binti yangu, akalitema kwa sababu ni chungu. La pili ndilo la mbegu.

Hapa inabidi nieleze vizuri. Mama yangu alipochagua tunda la mbegu alilifunga kitambaa kwenye kikonyo, mafundo matatu ili upepo usilifungue, na tangu hapo hakuna mkono unaoligusa. Hata mgeni akija na mboga hakuna, lile halipo. Watoto tulilijua, majirani walilijua, ilikuwa kama kuandika jina. Huko makazini karibu kila bustani ilikuwa na kitambaa chake. Kwa hiyo nami nilichana kipande cha kitenge cha mama, kile cheusi, nikafunga mafundo matatu. Baada ya hapo joto likaangusha maua yote yaliyofuata. Likabaki tunda moja kwenye shina moja, na ndani yake ukuta mzima wa mama.

Lilianza kijani, likawa njano, likashika wekundu upande mmoja. Wiki mbili tu, nilijiambia. Wiki mbili, limelegea.

Mama mkwe akaja wiki hiyo, kutoka kijijini kwao upande wa Mpimbwe, macho yanamsumbua, alikuja kwa ajili ya kliniki. Ni mama wa kanisani, wa kuamka na sala na kulala na sala. Sitasema ni mtu mbaya. Alikuja na unga, na karanga, na kuku amefungwa miguu, na mjukuu wake akamkimbilia kana kwamba mimi ndiye mgeni. Lakini siku ya kwanza tu alinikuta namwogesha mtoto bustanini, akaniuliza kwa nini mtoto wa watu anaogeshewa mavumbini kama bata. Nikamwambia maji ni haba. Akasema, maji ya kunywesha majani yapo, ya kumwosha mwanangu miguu ikatakata hayapo. Nikanyamaza. Mimi nikikasirika nanyamaza, na hicho ni kiburi kuliko kutukana, najua. Tulikaa siku tatu ndani ya vyumba viwili tukiongea na mtoto badala ya kuongea sisi kwa sisi. Mwambie bibi chakula tayari. Mwambie mama yako chumvi imeisha.

Siku tatu hizo hizo mtoto alishikwa na homa. Kipimo kikasema si malaria. Akapewa dawa ya kushusha, ikishuka inapanda. Usiku bibi yake anaomba, mimi nashika paji la uso. Hata hapo hatukuongea.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya bomba kutoa, au watu walisema hivyo. Niliondoka kabla jua halijachomoza, nikamwacha mtoto amelala ubavuni kwa bibi yake. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Maji yalianza, yakakata, yakaanza. Nilirudi jua la saa sita na ndoo moja kichwani na dumu mkononi, na kabla sijafika uani nikasikia harufu. Kila aliyekulia kwetu anaijua, nyanya chungu iliyosahaulika kwenye makaa. Ngozi ikiungua, ule uchungu unakaa kooni.

Niliweka ndoo chini bila kumwaga. Nakumbuka hilo. Hata wakati ule mikono yangu ilijua bei ya maji.

Chandarua kilikuwa kimekunjwa vizuri kimewekwa pembeni. Fito nne zimelazwa pamoja. Pale palipokuwa na shina palikuwa na shimo, udongo umegeuzwa, na kitu kimemwagwa juu yake, chumvi, niliionja. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, mtoto mgongoni, midomo inacheza. Alikuwa anamalizia sala.

Akasema amina, akageuka, na uso wake ulikuwa na furaha. Ya kweli. Siku nne sikuwa nimeona meno yake.

"Mwanangu," akasema, "kaa kwanza upumzike. Nimekiona na nimekimaliza."

"Umemaliza nini, mama?"

"Walichokifunga. Pale karibu na bafu, chini ya neti, wamekificha. Kitambaa cheusi, mafundo matatu, kwenye tunda jekundu. Nimeliona leo nilipokuwa natafuta matembele nikashtuka. Ndiyo maana mtoto haponi. Nimeling'oa na mizizi yake, maana vitu hivi ukiacha mzizi vinarudi. Mguse, homa imeshuka."

Nilimgusa. Ilikuwa imeshuka. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba nilisimama pale na kiganja changu kwenye shingo ya mtoto, shingo imepoa, ina jasho, na sikuweza kufurahi.

"Nimekifunga mimi," nikamwambia.

Hakuelewa. Akaniuliza nimefunga nini.

"Kitambaa. Ni kitenge cha mama yangu. Ndiyo alama ya mbegu kwetu, tunda la mbegu tunalifunga. Lilikuwa moja. Hakuna lingine, mama. Hapa hakuna, kwetu hakuna, jiko walishabomoa."

Alinitazama kwa yale macho yake mabovu. Mimi nilikuwa nasubiri anikatalie, ili nipate pa kuumwaga moto wangu. Nilikuwa nimeshapanga maneno yote, ya siku nne na ya miaka ya ndoa kabla yake. Akamshusha mtoto mgongoni taratibu, akamkalisha, akachukua koleo.

"Mbona hukuniambia?"

Nikamjibu, "Hukuniuliza."

Ni jibu la kijinga. Nimeligeuza kichwani mara nyingi na kila mara ni la kijinga. Sentensi moja ingetosha. Mama, lile lenye kitambaa ni la mbegu. Hata kupitia kwa mtoto ningeweza kuisema. Mwambie bibi asiguse lile jekundu. Lakini nilikuwa nimemnunia kwa sababu ya bata.

Alilitoa kwenye makaa kwa koleo. Upande mmoja ulikuwa mkaa kabisa, mwingine umejikunja. Kitambaa hakikuwepo, kitambaa kilikuwa cha kwanza kuungua. Nilipasua kwa vidole, joto lake likaniunguza na nikaona sawa tu, acha liunguze. Ndani mlikuwa na mvuke. Mbegu za katikati zilikuwa za kahawia, zinavunjika. Pembeni, upande ule uliotazama juu, nikapata chache ambazo bado zilikuwa na rangi yake. Tisa. Mtu yeyote aliyewahi kupika anajua mbegu iliyopikwa ni nini. Niliziosha hata hivyo. Nikachukua majivu ya jiko lile lile, nikachanganya na matone ya maji, nikaenda kwenye ukuta wa nje wa jikoni, ukuta wa saruji wa mwenye nyumba, nikazibandika kwa kiganja. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu ameshika bakuli.

Jioni mume wangu akapiga. Sijui mama yake alimweleza nini kabla. Akaniambia nisimchukie mama, alikuwa anamlinda mtoto, na mimi nikasema najua. Kisha akasema, "Si nyanya chungu tu lakini? Sokoni zimejaa, nitakutumia ununue hata ndoo nzima." Nilikata simu. Akapiga tena, akafikiri mtandao. Nikamwacha afikiri mtandao.

Mtoto alipona. Wiki hiyo hiyo alikuwa anakimbiza kuku. Mama mkwe akabaki mpaka kliniki ilipokwisha, na siku zote hizo aliamka kabla yangu akaenda foleni ya maji yeye, macho yale yale, akarudi na ndoo, akaiweka mlangoni. Sikumshukuru. Nilitumia yale maji na sikumshukuru. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akaushika wangu kwa yote miwili, akasema kwao pia kuna nyanya chungu, za mama yake, nyeupe ndogo ndogo, atanitumia mbegu. Nilisema sawa, mama. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayemjibu karani. Akapanda pikipiki, akafunga kanga kichwani, akaondoka na vumbi.

Mvua ilikuja kama wiki tatu baadaye.

Naichukia mvua ile. Mtaa mzima ulitoka nje, watoto uchi, kina mama wanapanga masufuria chini ya bati, mtu mmoja akapiga vigelegele. Maji yalipita mlangoni kwangu mekundu, mengi, yanakimbilia mtaroni, maji ya bure, maji ambayo ningeweza kunywesha nayo mashina arobaini na matatu mpaka yakatae. Nilisimama kizingitini. Nilitamani kuyapiga teke.

Tulipokausha miguu nilichukua kijiko nikakwangua mbegu tano kati ya tisa. Nikaziweka kwenye kopo lenye udongo mzuri, udongo wa lile rundo la zamani la mama wa Kisukuma. Nilikwenda kuomba na safari hii nikatembea mpaka nyuma ya zizi. Aliniuliza napanda nini nikamwambia. Akasema ngoja siku kumi. Nikangoja kumi. Nikangoja kumi nyingine. Nikamwaga udongo kwenye sinia nikautafuta kwa kidole, nikazipata tatu, nikaziminya, zikatoka unga. Mbili sikuzipata, na kwa siku moja nzima nilijifanya kuamini kwamba mbili hizo zimeota mahali.

Mama mkwe alituma za kwao, kama alivyosema, kwa mtu aliyekuwa anakuja mjini. Zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, zina majivu. Ziko juu ya kabati. Sijazifungua zaidi ya siku ile ya kwanza. Watu wananiambia nizipande, ni mbegu nzuri, na mimi najua ni mbegu nzuri. Nitazipanda nikitaka, si wakiniambia.

Juzi ilikuwa inanyesha, si kubwa, ile ya kukaa kutwa. Nikamtafuta binti yangu ndani sikumwona. Alikuwa nje, ameshika kikombe chake cha plastiki kwa mikono miwili, anatembea polepole kwenye matope ili asimwage. Akaenda mpaka pale karibu na ukuta wa bafu, pale penye chumvi ambapo hata magugu hayajarudi, akainama akamimina. Mvua inampiga kichwani. Akaniona, akasema, "Bibi anakunywa."

Nilimbeba nikamrudisha ndani, nikamkausha, nikamgombeza kidogo. Kisha nikasimama mlango wa jikoni nikatazama ukuta. Mwenye nyumba amepita mara mbili ameniuliza lile doa la uchafu nitalisafisha lini. Zimebaki nne pale. Zilikuwa kwenye makaa pamoja na wenzao, zilipata moto ule ule, na mimi si mjinga. Kijiko kiko kwenye kikapu cha vyombo, karibu na mkono wangu wa kulia.

Sijazigusa. Mama alisema usipande zote.